Nduru Moja kwa Heshima ya Mama

Kibandani, Mamboleo
Alasiri, mvua ikijiandaa

Akoth mwanangu,

Sikuulizi u hali gani. Nimekuacha nyumbani asubuhi ukikunja nguo na kuzikunjua tena, kwa hivyo hali yako naijua. Yangu ndiyo mbaya. Nimeketi nyuma ya karai, mafuta hayajapata moto, na karatasi hizi nimeziomba kwa Mama Pendo wa nyanya, jirani yetu hapa. Hapa kibandani karatasi ni tele, unajua, lakini ni za kufungia samaki, na barua hii siwezi kuiandika juu ya karatasi ya samaki. Ukisoma mbele utaona kwa nini.

Mambo ya kufunga sanduku, ya kitambulisho kukaa mahali pamoja, ya kutolala bila kula, hayo Dani, mama yangu, amekwambia kwa simu mara tatu na kesho atakwambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu. Tangu Jumapili nimejaribu kulisema kwa mdomo. Juzi nilikuita, ukaja na kitana kikiwa bado kichwani, ukasimama mlangoni, ukasema, "Mama, nini?" Nikasema chumvi imeisha. Ukaangalia kopo la chumvi. Limejaa. Ukaniangalia mimi, ukarudi chumbani. Nikajua kwa mdomo sitaweza.

Ni kuhusu lile daftari lako la jalada la buluu.

Lakini ngoja nianze nyuma kidogo, la sivyo utalikasirikia daftari kabla hujajua lililokuwa nyuma yake. Unakumbuka muhula ule mwalimu wenu alipoanza kuwapa hadithi za Wagiriki wa kale? Ulikuwa ukitoka shule unakuja hapa moja kwa moja, unafunga leso kiunoni, unaosha samaki wa mgongo wazi huku unatusimulia. Sisi tunaokaanga mifupa ya mbuta ambayo kiwanda kimeshatoa minofu, mikono imo ndani ya kichwa cha samaki, na masikio yote kwako. Majina ya wale watu yalinishinda ulimi. Lakini wanawake wenyewe niliwajua.

Siku ya yule aliyengoja mumewe, hiyo sitaisahau. Ulisema, "Alingoja miaka ishirini. Mchana anafuma nguo, usiku anaifumua, ili wanaume waliokuja kumposa wasipate jibu."

Mama Pendo akaacha nyanya zake. "Ishirini? Na huyo bwana alikuwa wapi?"

"Baharini. Alienda vita, halafu akapotea njia."

"Akapotea njia," Mama Pendo akasema. "Wangu pia alipotea njia. Nilimpata hapo mtaani Kondele."

Tulicheka mpaka mteja akaenda kununua kwingine. Na yule mwenye nyoka kichwani, ukitueleza jinsi wanaume walivyogeuka mawe wakimtazama, Mama Pendo akauliza, "Sasa huyo anasukwa na nani?" Ukacheka, kisha ukasema hilo ndilo swali hasa. Ukatuambia siku hizi kuna waandishi, wengi wao wanawake, wanaozichukua hadithi hizo na kuzisimulia upya. Mwanamke aliyekuwa na mstari mmoja anapewa kitabu kizima aseme mwenyewe alichoona.

Nikakuuliza, "Kwa nini wahangaike? Si watu walishakufa?"

"Kwa sababu, mama, wengine ndio walisimulia. Hakuna aliyemuuliza yeye."

Hukuona, lakini mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Hakuna aliyemuuliza yeye. Nilitaka kusema jambo, nikasema lete ndimu.

Mimi niliulizwa, Akoth. Niliulizwa mbele ya watu, nikajibu uongo.

Basi ukaja na ile ya mama na bintiye. Naandika ninavyoikumbuka, unisahihishe. Kulikuwa na mama aliyesimamia mimea yote ya dunia. Binti yake alikuwa akichuma maua, ardhi ikapasuka, mfalme wa kuzimu akatoka na gari la farasi, akamnyakua. Msichana akapiga nduru, ardhi ikafunga. Mama akazunguka dunia akimtafuta, na kwa huzuni yake hakuna kilichoota. Mwisho wakakubaliana arudishwe. Lakini kule chini alikuwa amekula mbegu chache za tunda lao, komamanga, na aliyekula kwao lazima arudi. Ndiyo maana kila mwaka anakaa na mama miezi kadhaa, halafu anashuka tena, na mama anapoachwa ardhi inakauka.

Mama Pendo alisema huyo mama angemfunza mtoto kutokula kwa watu. Ukatuambia mwalimu amewaagiza kila msichana achague mwanamke mmoja amwandikie hadithi yake, na zitakazokuwa nzuri zitachapwa kitabu cha shule. "Mimi nimemchagua msichana," ukasema. "Mama wa watu ameshaongea sana." Ukanitazama ukicheka. Ulikuwa unanitania tu, najua. Nililala vibaya.

Siku moja ulilisahau daftari hapa kibandani. Ilikuwa mchana kama huu, hakuna mteja. Nikalifungua. Unadhani siwezi kusoma mwandiko wako kwa sababu ni wa kulala kama nyasi za mafuriko. Naweza. Nilisoma polepole, kidole juu ya mstari, mpaka nikafika pale gari la farasi linapotoka ardhini. Uliandika kwamba msichana hakuburutwa. Alikuwa amechoka kuitwa kila anaposogea mbali na mama. Aliliona gari, akauliza linaenda wapi, akaweka maua chini vizuri, akapanda. Halafu, tayari ameketi, akakumbuka kwamba mama yake atataka kujua jinsi ilivyokuwa. Kwa hiyo akapiga nduru moja, kwa heshima ya mama, na gari likaondoka.

Mwanangu, baridi iliniingia mgongoni mbele ya jiko. Nikasema, nani amemwambia? Nani amemwambia mtoto huyu?

Nikangoja. Alipokuja kijana wa boda kununua, nikararua karatasi moja, nikamfungia samaki. Akaja mwanamke wa kuuza mitumba, nikararua ya pili. Ya tatu, ile ya nduru, nilimfungia Mzee Okelo, askari wa lango la ghala la saruji. Zilizobaki nilizitia motoni.

Ulirudi mbio jioni. "Mama, daftari langu la buluu?" Nikashika mdomo kama mtu aliyeshtuka. "Wuololo! Si nilidhani ni la zamani, nimefungia watu samaki!" Ulikimbia mpaka stejini. Ulimkuta yule kijana wa boda amemaliza kula, karatasi imelowa mafuta mpaka inaangaza upande wa pili, akakuuliza, "Siste, hii ni mtihani?" Ulirudi macho mekundu. Ukaniona nimeketi nimejishika kichwa, na kweli nilikuwa nimejishika kichwa, na wewe, wewe uliyeibiwa, ndiye uliyenituliza. Ukasema, "Si kosa lako, mama. Ungejuaje?"

Haikuwa bahati mbaya. Nilisoma, nikaelewa, nikararua. Nimeandika sasa. Siwezi kuifuta kwa sababu nimeandika kwa kalamu.

Na nikaongeza kosa juu ya kosa. Ulipokaa kuiandika upya uliniuliza, "Wewe mama, unaonaje? Msichana angefanya nini?" Nikakujibu kwa ukali, "Alinyakuliwa. Alilia njia nzima. Andika hivyo." Ukaandika hivyo. Ni hadithi nzuri, hata Mama Pendo alifuta macho. Mwalimu ameichukua. Na juu yake umeandika kwa herufi kubwa: Kwa mama yangu Anyango, ambaye pia alinyakuliwa.

Tangu nione mstari huo sijatulia. Ule mstari ni wa uongo, na uongo ni wangu, na mtu ataubeba ambaye si mimi.

Ngoja, kuna mteja.

Amekwenda. Amesema samaki ni mdogo, nikamwambia ziwa si langu. Sasa sikiliza kile ambacho umekua ukisikia, ukisikie upya kutoka kwangu.

Unajua kwamba nilikuwa kidato cha tatu Ahero, msichana wa miaka kumi na minane, kwa sababu mafuriko yalikuwa yamenirudisha nyuma mara mbili, madarasa yakijaa matope. Unajua kwamba Dani alikuwa na shamba la mpunga kando ya mfereji, na kwamba siku moja dereva wa trekta la miwa akanichukua akanipeleka Muhoroni. Wajomba zako husema "akamnyakua." Kanisani walituombea kwa neno hilo. Wewe umelinyonya na maziwa.

Trekta lilikuja Ahero kwa sababu mkia wa trela ulivunjika, na fundi wa kuchomelea alikuwa mmoja tu na hana haraka. Dereva alingoja siku tatu. Alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa anakaa juu ya gurudumu anatafuna muwa, na mimi napita na ndoo. Siku ya kwanza alisema, "Wewe, maji yote hayo unapeleka wapi na shamba limejaa maji?" Sikujibu. Siku ya pili nilimjibu. Siku ya tatu alikata kipande cha muwa, akakimenya kwa meno, akanipa. Nilikula. Nikatema makapi. Nikaomba kingine.

Hayo ndiyo makomamanga yangu. Hakuna aliyenifungua mdomo.

Fundi alipomaliza, trela likiwa tupu, niliuliza linaenda wapi. Nilijua linaenda wapi. Niliacha ndoo pale kwa fundi, nimeiweka vizuri isimwagike, nikapanda. Umeona basi kwa nini baridi iliniingia? Wewe uliandika maua, mimi nilikuwa na ndoo.

Nilipanda kwa sababu ya muwa? Hapana. Nilipanda kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nikiamshwa kufukuza ndege kwenye mpunga, na kila jioni Dani akihesabu hatua zangu, na nilidhani mahali popote ambapo hakuna mtu anayelijua jina langu patakuwa na hewa zaidi. Nilikuwa nimekosea kuhusu hewa. Sikukosea kwamba nilitaka.

Hiyo siyo sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni hii, na hata hadithi yako ya kwanza haikuwa nayo, wala hiyo ya Wagiriki jinsi ulivyotusimulia. Wanaeleza mama alivyotafuta. Hawaelezi kama msichana alisikia akiitwa.

Mimi nilisikia.

Dani alikuwa ameotesha miche ya mpunga kwenye kitalu, iko tayari kuhamishwa. Aliiacha. Alitembea mashamba ya miwa, kambi kwa kambi, akiuliza. Miche ikazidi umri, ikageuka manjano, na msimu ule shamba lake pekee halikuwa na mpunga, wengine wakivuna huku na huku. Siku ya tisa alifika kambi yetu. Nilikuwa ndani, napepeta dagaa. Nikasikia, "Anyango! Anyango nyathina, mwanangu!" Sauti imekauka. Nilichungulia kwenye tundu la bati. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini na alikuwa amevaa kiatu kimoja tu, kingine kimebaki huko matopeni. Jirani yangu akanitazama. Nikatikisa kichwa. Jirani akatoka, akamwambia, "Mama, hapa hakuna Anyango."

Akasimama kidogo. Kisha akaondoka. Nilihesabu hatua zake, mimi niliyekimbia kuhesabiwa.

Ukizaa utajua. Usipozaa vilevile utajua, kwa njia nyingine. Mimi nilijua ulipozaliwa wewe, mvua ikinyesha mpaka tukakuita Akoth, jina la mvua. Nilikushika nikafikiria kiatu kimoja.

Tulirudi Ahero mimi na wewe tu, ukiwa unatambaa. Njia nzima nilitayarisha maneno ya kuomba msamaha. Dani alikuwa barabarani na wanawake wa kanisa, wanatoka maombi. Aliniona, akaniacha nikaribie, na kabla sijafungua mdomo akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Walikunyakua, sivyo?"

Wanawake wote walikuwa wakinitazama. Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Wakanizunguka, wakalia, wakakubeba. Nikapata nyumba, nikapata uji, nikapata jina la aliyeonewa, ambalo ni jina zuri kulala nalo, hakuna anayekuuliza zaidi. Wiki iliyofuata wajomba zako walikwenda Muhoroni. Walimkuta baba yako kazini, wakamwita mwizi wa wasichana mbele ya wenzake, na mwenye trekta hakutaka maneno, akamshusha. Alikata miwa kwa panga miaka miwili kabla ya kushika usukani tena. Mpaka leo akipita Ahero kuna watu wanaoita watoto waingie ndani. Angeweza kusema, "Muulizeni mwenyewe." Hakusema. Sijui kwa nini, sijawahi kuwa na uso wa kumuuliza.

Sasa usikimbie upande wa pili ukamfanya malaika. Baba yako hakuninyakua, na hakunipiga. Lakini alikuwa mtu wa kwenda kuziba gurudumu na kurudi siku ya nne. Ulipopata malaria ya kwanza nilikubeba peke yangu mpaka zahanati, naye alikuwa harusini kwa watu. Nilichoka nikaondoka, na hilo pia nililifanya mwenyewe, kwa miguu yangu. Hizo ndizo kesi zake. Kesho asubuhi anakuja Mamboleo kukuaga. Umesema ukimwona utageuza uso kwa ajili ya alichomfanyia mama yako. Siwezi kukulazimisha kumpenda. Ila kama ni lazima umnunie, mnunie kwa ile malaria. Usimnunie kwa trekta. Trekta ni langu.

Ndiyo maana barua hii nitaiweka juu ya mto wako jioni hii. Usiiweke ya kusoma njiani. Soma kabla hajafika.

Jumapili nilimpigia Dani. Nikamwambia yote: muwa, ndoo, trela, na ile siku ya kambini. Nikalia kabla ya kufika mwisho. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Niliona patipati zako mlangoni."

"Gani?"

"Zile ndara za kijani. Ile ya kushoto nilikushonea mimi na uzi mweusi. Zilikuwa pale mlangoni wakati yule mwanamke ananiambia hakuna Anyango."

Nikamuuliza kwa nini hakuingia.

"Ningeingia, ningekukuta umetoroka," akasema. "Ukikutwa umetoroka, nikuweke wapi? Nikiondoka, basi umenyakuliwa. Aliyenyakuliwa mlango wake unabaki wazi."

Alikuwa ameutunga uongo huo siku ile ile, akitembea kurudi na kiatu kimoja. Halafu akaniambia jambo ambalo hata mimi sikulijua. Kwamba yeye mwenyewe alivutwa. Zamani ndiyo ilikuwa desturi: mahari imeshaanza kutoka, wazee wamekubaliana, na vijana wa upande wa bwana wanakuja kumvuta msichana njiani, na msichana analia na kupiga mateke hata kama amekubali, hata kama jana amejipaka mafuta akiwangoja. Asipolia watasema alikuwa na haraka. "Nililia mpaka daraja la Nyando," Dani akasema. "Baada ya daraja nikawaambia watembee taratibu, viatu vinanibana."

"Na ulikuwa umekubali?"

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo," akasema. Kisha akasema mvua inakuja, anaanua nguo. Hakujibu. Labda utamwuliza wewe, wewe una njia ya kuuliza. Mimi nadhani hata yeye hajui tena, nduru imefunika.

Mvua imeanza hapa pia. Naogopa utaisoma barua hii uone kwamba mama uliyemwandikia juu ya hadithi yako hayupo. Naogopa pia jambo lingine, nalo nitalisema kwa sababu leo ni siku ya kusema: nilirarua lile daftari si kwa aibu tu. Nilimwona yule msichana anaweka maua chini vizuri, nikajua ni wewe. Unakwenda chuo Nakuru na watu wote wananipongeza, na mimi ndani yangu kuna mwanamke wa kiatu kimoja ameshaanza kutembea. Kama ungekuwa unachukuliwa ningejua wa kugombana naye. Lakini unapanda mwenyewe. Hakuna wa kugombana naye.

Ndiyo hayo. Sina mafunzo mengi, elimu yangu iliishia kwenye ndoo. Nimejifunza tu kwamba uongo unaokuokoa unaweza kuwa unakaa juu ya mgongo wa mtu mwingine, nawe huoni kwa sababu umelala vizuri. Mwalimu wako alisema anapokea masahihisho mpaka mwisho wa mwezi. Ufute au usifute, ni hadithi yako. Lakini ule mstari wa jina langu nakuomba uufute. Hapo siombi, hapo nasema kama mamako.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Lakini Mzee Okelo amekuja sasa hivi kujikinga mvua, na lazima nikueleze.

Sikukwambia kwamba siku ya pili baada ya lile daftari alirudi hapa akasema, "Mama Akoth, karatasi ya jana ilikuwa na stori. Mwisho wake uko wapi?" Nikamjibu karatasi haina mwisho, ni ya samaki. Akaondoka akiguna. Leo, kwa vile nimeshazoea kusema, nimemuuliza kama anaikumbuka.

"Ile ya msichana na gari la farasi? Iko langoni. Nimeibandika ukutani."

"Ukutani kwa nini, Mzee?"

"Nikikaa pale mchana kutwa nasoma nini, namba za lori? Huyo msichana namuuliza kila siku, sasa umefika wapi?"

Nikamwambia ni mwandiko wa binti yangu. Nikamwambia nani aliirarua. Alinitazama, akavua kofia akaikung'uta maji, akaivaa tena. Kisha akavuka barabara ndani ya mvua, mzee mzima, akarudi na karatasi chini ya koti. Ina mafuta, kona moja imebaki ukutani, na katikati kuna alama ya mfupa wa samaki. Lakini inasomeka. Mstari wa nduru upo wote.

"Nampa," akasema, "ila aniletee mwisho. Mwambie si haraka, mimi nipo hapa langoni."

Nimeikunja ndani ya barua hii. Ni moja tu iliyobaki. Zile nyingine siwezi kukurudishia.

Kesho tukitoka kumsalimia baba yako, tutakwenda stendi, na gari likiwasha injini mimi nitalia. Usijali, ni desturi, nitanyamaza kabla ya kufika nyumbani. Mkipita Ahero, Dani atakuwa amesimama kando ya barabara, amesema atavaa viatu vyote viwili. Wewe usilie kwa ajili yetu. Usijifanye unaburutwa ili nijisikie vizuri. Weka begi lako vizuri, panda, kaa dirishani. Na kama ukiona uso wangu ukashindwa, basi piga nduru moja, ndogo, kwa heshima yangu, halafu geuka uangalie unakokwenda.

Mimi ni mamako,
Anyango, aliyepanda trekta mwenyewe.